Nilivyowasaidia Wazazi Kuzifurahia Hatua za Ukuaji wa Watoto Wao

Katika miaka niliyofanya kazi ya uuguzi kwenye kliniki ya watoto mkoani Morogoro, swali nililoulizwa kuliko yote lilikuwa hili: "Nesi, mbona wa jirani ameshatembea na wangu bado?" Kadi ya kliniki huonyesha uzito na chanjo, lakini mazungumzo ya kwenye benchi huwa ni nani ameota meno na nani amesimama dede, na hapo ndipo malezi yanapogeuka mashindano.

Nikaanza kuutumia muda wa kusubiri mizani. Niliwaeleza kwamba Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano, zikiwemo Ghana na Oman, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kuwa wapo wanaotembea wenyewe wakiwa na miezi 8 na wapo wanaokaribia miezi 18, na kwamba wachache hawakutambaa kabisa. Aliyezaliwa njiti, umri wake wa kulinganishia huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Takwimu ziliwatuliza, ila kilichowafurahisha ni kuona kwa macho yao. Mama mmoja alilalamika kuwa mwanawe wa miezi 9 ni mkorofi, kila akipewa kijiko anakiangusha. Nilikichukua kile kijiko nikakificha chini ya kanga, mtoto akitazama. Akatulia, akaivuta kanga kwa mikono miwili, akakishika, kisha akakiangusha sakafuni na kuinama kukiangalia. Nikamweleza mama kwamba miezi michache nyuma asingekitafuta. Sasa anajua kuwa kitu kipo hata kisipoonekana, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo maana analia mama akitoka chumbani. Bibi yake aliyekuwa pembeni akacheka: "Kumbe huyu anasoma!"

Tangu siku hiyo niliwaomba mama wawalete na mabibi, maana neno la bibi nyumbani lina uzito kuliko langu, hata kama baadhi ya wenzangu hawakupenda msongamano. Hata hivyo, sikuacha faraja izae uzembe: mtoto asiyeshtushwa na sauti, au aliyepoteza jambo alilokwisha kuliweza, nilimpeleka kwa daktari siku ileile.

Kina baba walikuwa wagumu kupatikana, hivyo niliwatumia kazi kupitia kwa mama: ampakate mtoto mchanga, uso wake uwe umbali wa sentimita 20 hadi 30, mahali anapoona vizuri, azungumze naye, kisha anyamaze amsubiri ajibu kwa namna yake. Baadhi yao wakaanza kuja wenyewe. Mmoja alitaka kujua kama mtoto wake wa miezi miwili anamtabasamia kweli au ni ndoto tu za usingizini. Nikamwambia amwite palepale tuone.