Swali la Ami

Tangu Jumatano swali la Ami halijanitoka kichwani. Tulikuwa Forodhani, Unguja, tumeelekea jumba la kale la Beit al-Ajaib, nikamshikisha simu yenye ile programu yetu ya uhalisia ulioongezwa, inayochora juu ya picha ya kamera, ikalionesha jumba lilivyokuwa kabla mnara wake wa saa haujaporomoka Disemba 2020. TalkBack, ile sauti ya simu inayomsomea asiyeona kama Ami, ikasema "kitufe". Akagusa kwengine: "kitufe". Akanirejeshea simu taratibu.

"Mwanangu, jumba hili mmewajengea wenye macho peke yao?"

"Hapana Ami, ndo maana nimekuleta wewe."

"Basi niulize. Mie lile nalijua kwa mkono. Zile nguzo za chuma, asubuhi zilikuwa baridi."

Ijumaa mdogo wangu kaposwa, ofisini mkataba wa mwaka mzima umetiwa saini, na mie nawaza "wenye macho peke yao" tu. Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningepumua.

Kwa TalkBack, vyote tunavyochora juu ya kamera ni picha moja bubu. Mlango, mnara, nguzo, havina majina mpaka sisi tuvipe. Tena programu inataka uinue simu na kuizungusha ili itambue ardhi, na Ami mkono mmoja umeshika fimbo. Mwenzetu wa kigari cha magurudumu naye huambiwa "rudi nyuma hatua mbili", arudi vipi penye ngazi? Mwongozo wa 2021 wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, unataka kila kitu kielezeke, na mtu asilazimishwe mwendo wa mwili asiouweza. Ofisini wengi wanayaona haya ni mambo ya mwisho, bajeti ikibaki. Mie sikubali. Ndiyo ya mwanzo khasa.

Jana tukarudi. Simu imening'inia kifuani mwake, kila kitu kina jina, na sauti ya mnara inatokea upande ulikokuwa mnara. Nimemvalisha visikilizi vinavyopitisha sauti kwenye mfupa, masikio yabaki wazi azisikie vespa za Mizingani. Akasimama, akageuza uso polepole, akanyoosha kidole.

"Saa ilikuwa pale."

Palepale! Nikamkumbatia mbele za watu. Akataka tuongeze upepo wa barazani, nami nimeshaanza kutafuta namna.

Ila sasa hivi namuwaza Mama. Kesho anapanda boti kutoka Pemba, kusi limechachamaa, mkondo wa Nungwi naujua, na simu yake haipatikani tangu alasiri.