Embe, Kapu na Sharti Lisilosubiri

Jumamosi asubuhi mimi humfundisha mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha kwanza, misingi ya kuandika programu. Tulianza na Lightbot, mchezo ambao mchezaji humpangia roboti hatua za kufuata ili awashe vigae vya buluu. Alivuka ngazi nyingi kwa siku moja, lakini nilipomwuliza amejifunza nini, alinieleza namna ya kushinda. Tangu hapo nikaona ni heri atengeneze mchezo wake mwenyewe, tukahamia Scratch, lugha ya programu iliyotolewa na chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ambayo amri zake hupachikwa pamoja kama vipande vya chemshabongo.

Alichagua maembe yanayoanguka na kapu linalofuata kipanya. Jukwaa la Scratch, yaani sehemu ya skrini mchezo unapoonekana, lina kimo cha kuanzia -180 chini hadi 180 juu, kwa hiyo embe hushushwa 5 kila mzunguko, na likipita -170 hurudishwa juu. Namba hasi, ambazo shuleni alizikariri tu, safari hii zilikuwa na kazi.

Ugumu ulikuja kwenye alama. Chini ya amri ya bendera ya kijani, ambayo ikibofywa programu huanza, aliweka sharti: kama embe limegusa kapu, ongeza 1. Maembe yakadakwa kapuni moja baada ya jingine, na alama zikabaki 0.

"Mjomba, kompyuta yako mbovu," akasema.

Sikumlaumu, kwa sababu kosa lile nadhani linatokana na lugha yetu. Tukisema "embe likigusa kapu, ongeza alama", ile -ki- hubeba sharti na wakati kwa pamoja, na kila msikilizaji anaelewa kwamba ni kila mara litakapogusa. Kompyuta haielewi hivyo. Huuliza mara moja tu, pale bendera inapobofywa na embe bado liko juu, hupata jibu la hapana, kisha haina habari tena. Nilimwambia afikirie mlinzi anayechungulia getini saa kumi na mbili jioni, asione mwizi, akaenda zake kulala. Alicheka, akalichukua sharti lake na kulitia ndani ya kitanzi kisicho na mwisho, yaani amri inayorudia yaliyomo ndani yake bila kukoma, bila mimi kugusa kitu.

Embe la kwanza likampa alama 14. Alifurahi kwanza, halafu akanyamaza, maana alijua amedaka moja tu. Kitanzi huzunguka mara nyingi kwa sekunde, na muda wote embe linapopita juu ya kapu, kila mzunguko huhesabu upya. Nilijizuia nisiseme neno (kwangu mimi hilo ndilo gumu kuliko yote katika kufundisha), na baada ya kuhangaika kitambo aliongeza amri ya kulirusha embe juu mara tu alama inapoingia.

Akabofya bendera ili aanze upya. Alama zilianzia 14, na hapo ndipo tulipofungua somo la vigeu, yaani majina yanayotunza thamani, kama hizo alama, hadi programu iambiwe kuzibadilisha.