Kufunga kiti cha rili

Leo nimekifunga kiti cha rili, yaani sehemu inayoibana rili, kwenye ufito wa kuvulia ninaoutengeneza kwa ajili ya samaki kolekole. Kazi hii naipenda kuliko hata kuzungushia uzi vipete vya kupitishia mshipi.

Tundu la kiti huwa pana kuliko ufito, kwa hiyo pengo lazima lizibwe. Mimi natumia tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Nazungusha mpaka iwe nene ya kutosha, naacha nafasi ya kidole, nazungusha nyingine. Usijaze tepu mwanzo hadi mwisho! Kwenye nafasi hizo ndiko gundi ya epoksi inakoshika kiti na ufito wenyewe. Kingo za tepu nazo zifunikwe kabisa, maana maji ya chumvi yakipata upenyo tepu inaoza, na siku moja kiti kinakuzungukia mkononi samaki akiwa kwenye mshipi.

Kabla ya hapo nimekwaruza ufito kwa msasa laini, pale tu kiti kitakapokaa, nikaufuta kwa spiriti. Ndani ya kiti pia. Kisha nikakisukuma huku nakizungusha polepole ili gundi isambae. Iliyotokeza kwenye nyuzi za skrubu nimeifuta fasta. Ikigandia hapo, nati haipiti.

Kiti lazima kinyooke na vipete, ndiyo maana nataka epoksi inayoganda taratibu, nipate muda wa kukinyoosha. Ile ya dakika 5, ahsante, bakini nayo.

Wavuvi wa Watamu na Kilifi, ninyi mnatumia tepu au zile pete za povu gumu?