Kutoka Mwandiga hadi Mtanga kwa baiskeli: mikono huchoka kabla ya miguu

Wapanda baiskeli wa Kigoma tukikutana, maswali huwa ya miguu na pumzi. Kwa lami ya kwenda Kasulu sina ubishi. Lakini acha lami pale Mwandiga, shika vijia vya kupanda upande wa Chankele na Bubango, vuka mgongo wa mlima uteremke Mtanga ziwani, halafu tuzungumze tena. Miguu yangu haijawahi kuninyima safari ile. Kilichokuwa kinanikwamisha ni mikono. Vidole viwili vya mwisho vilikufa ganzi, viganja vikagoma kubana breki, na mabega yakakaza hadi shingo ikawa haigeuki. Siku hizi nashinda juu ya mawe tangu alfajiri, na jioni nashika kijiko bila kutetemeka. Nitaeleza nilivyofika hapo.

Kwa asiyeijua sehemu yenyewe, Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mgongo wa milima unaolitenga na vijiji vya bara unapita mita 1,500. Tofauti yote hiyo unaiteremka ndani ya kilomita chache, kwa njia ya mguu iliyochimbwa na nyayo, mbuzi na maji ya masika. Pembeni nyasi, katikati mawe. Mengine yamezama ardhini yameacha mgongo tu, mengine yamelegea, ukiyagusa yanaviringika. Vijia hivyo havikuchongwa kwa ajili ya michezo. Akina mama hupita humo kupeleka mihogo ziwani na kurudi na dagaa, na vijana wa mkaa hushuka humo na baiskeli za Phoenix zenye magunia mawili, breki yao ikiwa soli ya ndala iliyobanwa kwenye tairi la nyuma. Kila nikianza kujiona mtaalamu, nakutana na mmoja wao.

Baiskeli yangu ni mtumba uliokuja kwa treni kutoka Dar es Salaam: fremu ya alumini, shokapu mbele tu, breki za diski za waya, tairi pana za inchi 2.25. Nyuma haina shokapu yoyote, kwa hiyo kazi hiyo inafanywa na magoti yangu. Wapo wanaosema bila baiskeli ya mamilioni usijaribu. Siwabishii, nawaonyesha tu picha za Mtanga.

Mabadiliko makubwa yalianzia kwenye upepo wa tairi, jambo lisilogharimu hata shilingi. Fundi wangu yuko Mwanga, mtaa wa hapa mjini Kigoma, mzee ambaye sote tunamwita Babu, na kwa Babu tairi halijajaa mpaka kidole gumba kishindwe kulibonyeza. Ana haki, maana wateja wake wengi wanabeba mkaa na madumu ya mawese. Nilipomwomba apunguze alinitazama kwa huruma.

"Mjukuu wangu, utakula pancha huko mlimani."

"Babu, pima tu. Ishirini na sita mbele, ishirini na tisa nyuma."

"Hizo ni za toroli," akasema, lakini akapima.

Hizo ni psi, kipimo cha upepo wa tairi, na ni za mtu wa kilo 68 kama mimi asiye na mzigo, mwenye tairi pana. Mzito zaidi aongeze kidogo. Tairi likiwa gumu, kila kokoto linalopita chini linapiga usukani, na usukani unapiga kiganja. Zidisha kipigo hicho kwa saa tano. Likiwa laini kiasi, linalikumbatia jiwe, linashika vizuri kwenye kona, na mtikisiko unaofika mkononi unapungua sana. Siku ya kwanza kuteremka na upepo ule nilisimama katikati ya mlima nikidhani nimepata pancha, kumbe ndiyo raha yenyewe.

Hata hivyo Babu hakuwa anaota. Ukishusha upepo kupita kiasi, tairi likigonga jiwe lenye ncha tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, inatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiyaona hayo mawili usipoteze muda kutafuta mwiba, hakuna. Mimi nabeba tyubu moja ya akiba, na hiyo ndiyo inaingia kwanza. Iliyotoboka naiziba nikiwa kivulini, kiraka kimoja kirefu kinachofunika matundu yote mawili badala ya viraka viwili vidogo vinavyopandana. Nasugua kwa msasa mpaka weusi wa mpira upauke, napaka solesheni nyembamba, nangoja ikauke mpaka kidole kisinate, ndipo nabandika na kukandamiza. Vijana wengi hubandika solesheni ikiwa bado mbichi, halafu wanalaumu kiraka. Pia nachungulia ndani ya rimu kuhakikisha ule mkanda unaofunika vichwa vya spoku haujahama. Ukihama, utaziba pancha hadi jua lizame.

Baada ya tairi nikahamia kwenye usukani. Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete inatokana na mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje wa kiganja. Ukiulalia kwa saa nyingi unalalamika. Nilifanya mambo mawili. Nilinyanyua usukani kidogo kwa kuzitoa pete zilizokuwa juu ya shingo yake na kuziweka chini yake, ili uzito urudi makalioni na miguuni. Kisha nikavua vishikio vya plastiki vilivyokuwa vyembamba, nikavirudisha vikiwa vimezungushiwa mpira wa tyubu ya zamani, tabaka moja tu. Tabaka mbili zinakuwa nene, na kishikio kinene mkono mdogo unakibana kwa nguvu zaidi, unachoka upesi.

Breki nazo zina siri yake. Nilisogeza mikono ya breki ndani, kuelekea katikati ya usukani, mpaka kidole cha shahada kikawa kinaishika kwenye ncha yake ya mwisho. Pale ncha ndipo inapovutika kwa wepesi. Nikabadilisha waya pamoja na mpira wake, nikapaka grisi. Tangu hapo navuta breki kwa kidole kimoja kila upande, vidole vingine vyote vinabaki kushika usukani. Huko nyuma nilikuwa navuta kwa vidole vitatu na kushikilia usukani kwa kimoja na gumba, ndiyo maana viganja vilikuwa vinaisha kabla ya mlima kuisha.

Kushuka kwenyewe kuna sehemu moja naipenda na kuiogopa kwa kiwango kilekile. Ukishavuka mgongo na ziwa likaonekana lote, na siku isiyo na ukungu milima ya Kongo ng'ambo, kijia kinapinda kushoto na kuingia kwenye ngazi za mawe zisizojengwa na mtu. Ngazi ya kwanza inafika kwenye kifundo cha mguu, ya pili nusu ya gurudumu, kisha kuna jiwe bapa lililoinama upande wa bonde, na chini yake changarawe. Hapo nasimama juu ya pedeli, pedeli zote mbili zikiwa usawa mmoja ili isiwepo ya kugonga jiwe. Visigino nashusha, viwiko natoa nje, kiti kinapita katikati ya mapaja bila kukikalia. Uzito wote uko miguuni, mikono inaongoza tu. Breki nazivuta kabla ya ngazi, nikiwa bado kwenye udongo. Gurudumu la mbele likishaingia kwenye jiwe naliachia lizunguke, maana gurudumu lililofungwa halipandi wala halishuki, linateleza. Macho yako kwenye changarawe kule chini, sio kwenye jiwe lililo mbele ya tairi. Jiwe ulilolitazama sana ndilo utakaloligonga.

Na hapohapo, mara nyingi, anatokea mama mwenye beseni la dagaa kichwani. Sheria yangu haina mjadala: aliyebeba mzigo na anayepanda ndiye mwenye njia. Nasimama, nashuka, naivuta baiskeli kwenye nyasi, namwamkia. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba. Na hilo lichuma unalishusha wapi?" Kuna mmoja aliniuliza kama nimetumwa na watu au ni mimi mwenyewe tu. Nikasema ni mimi mwenyewe. Akacheka njia nzima akipanda.

Kubana breki mfululizo ni adui mwingine. Mteremko mrefu ukiushuka umezing'ang'ania, diski inapata moto, pedi zinapoteza makali, na unalazimika kubana zaidi wakati mikono imeshachoka. Mnamo 1976 kule Marin County, California, vijana walianza kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli nzito za kizamani zenye breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Mashindano yale, yaliyoitwa Repack, yaani kujaza upya, yalipika grisi ya gurudumu la nyuma hadi ikatoka moshi, na baada ya kuteremka ilibidi wafungue na kujaza grisi nyingine. Hapo ndipo mchezo huu wa leo ulipoota mizizi, kwenye baiskeli ambazo kijana wetu wa mkaa angezitambua mara moja. Mimi nabana kwa nguvu kidogo, naachia, nabana tena. Kati ya kubana na kubana diski inapoa, na vidole vinapumua.

Halafu nina kipimo changu cha kujua kama naruhusiwa kuendelea kushuka. Kila mteremko mkubwa ukikaribia nasimama na kufungua kizibo cha chupa ya maji kwa mkono mmoja, bila kuisaidia kwa meno wala kwapa. Kikigoma, nakaa chini, nanyoosha vidole nyuma kimojakimoja, natikisa mikono, nakula kitu. Kwenye mawe watu huumia zaidi wakiwa wamechoka na wanaona nyumbani.

Kupanda sitaki kukueleza sana. Weka gia nyepesi kabla ya mlima, sio katikati yake cheni ikiwa imekaza. Sogea mbele ya kiti, inamisha kifua, tairi la nyuma lisikose uzito. Pasipopandika shuka usukume, hakuna atakayekufunga.

Chakula ndicho kilichonichukua muda kukizoea, kwa kuwa juu ya mawe huwezi kula ukiendesha. Mikono haina nafasi. Kwa hiyo nasimama kila baada ya nusu saa hivi, njaa iwepo isiwepo. Mwili ukifanya kazi saa nyingi unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na ndizi mbivu ya wastani ina kama 25. Ndizi mbili kwa saa, au ndizi moja na kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha, na karanga mfukoni kwa ajili ya mdomo. Maji nachanganya mwenyewe: lita moja iliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, ule mchanganyiko wanaoelekezwa wazazi wa mtoto anayeharisha. Kwenye kambi za wenye pesa watu wanauziwa maji yenye rangi kwa kazi hiyohiyo.

Umbali nimeacha kuuhesabu kwa kilomita. Kilomita moja ya mawe inaweza kula muda wa kilomita tano za lami, na siku ya mvua usiulize. Napanga kwa saa. Natoka mjini saa kumi na moja alfajiri kwa tochi, nataka niwe nimevuka mgongo kabla ya saa tano, jua halijawa kali. Msimu wangu ni kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa. Mvua zikianza, mawe yanaota utelezi na makorongo yanakata njia. Kiangazi nacho kina moto wa nyasi, kwa hiyo kabla ya kuondoka Bubango nauliza wenyeji kama kuna upande unaochomwa. Kaskazini ya Mtanga ni Hifadhi ya Gombe, na huko baiskeli haiendi. Wazee wa kijiji watakuonyesha mpaka bila kuombwa mara mbili.

Kurudi mjini kunahitaji akili kidogo. Boti za abiria za vijiji vile hushuka Kibirizi, bandari ndogo ya Kigoma mjini, asubuhi na kurudi vijijini mchana, yaani kinyume kabisa na ratiba ya mtu aliyefika ziwani saa tisa alasiri. Mimi nalala Mtanga kwa mwenyeji, nakula migebuka ya kuchoma, kesho yake napakia. Nauli ya baiskeli mpatane na nahodha kabla haijapanda chomboni, na ulaze upande wa gia juu, maana gunia la mtu likiukalia kile kimkono cha gia cha nyuma kinapinda na huna pa kukinyooshea. Kuna wanaoiosha baiskeli palepale ziwani kwa kuitumbukiza nzima. Mimi natumia kitambaa na brashi. Maji yakiingia kwenye beringi yanafukuza grisi, na kutu inaanza kabla hujafika Kibirizi. Nikifika nyumbani nafungua gurudumu la mbele, nafuta golori moja moja, napaka grisi mpya na kukaza spoku zilizolegea, kwa sababu Jumatatu baiskeli hiyohiyo ndiyo inanipeleka kazini.