Hesabu ya Jumapili

Nina pikipiki moja. Ndiyo mradi pekee nilionao nje ya chaki. Nimempa kijana mmoja aendeshe bodaboda kwa mkataba: ananiletea hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi 14, kisha inakuwa yake. Mafuta, oili na pancha ni juu yake. Mimi ilinigharimu kama 2,700,000 pamoja na bima, na akimaliza atakuwa amenilipa kama 3,640,000. Kwa viwango vya hapa mjini Morogoro mimi si tajiri mkali, kama madereva wanavyomwita mwenye pikipiki, nilijiambia.

Jumapili iliyopita alikuja na 30,000 badala ya 60,000. Malaria ilimlaza siku tatu. Akakaa kwenye stuli barazani, helmeti magotini, macho bado ya njano, akisubiri niseme neno. Sikuwahi kusema, maana sebuleni kulikuwa na wasemaji wawili wa kunizidi.

Mtoto wa kaka yangu yuko likizo kutoka chuo, mwaka wa tatu, na muhula huu ameokoka kwenye dini ya soko huria. "Shangazi, mkataba ni mkataba. Muandikie deni. Hakuna aliyemshikia panga ili asaini."

Baba mdogo, mstaafu wa kiwanda cha nguo cha umma, akaweka kikombe chini taratibu. "Kumbe kupe tuliyekuwa tunamwimba yuko ndani ya ukoo. Mrija umeuchomeka shingoni mwa mtoto wa mwenzio, halafu unamwita mshirika."

Basi ikawa hiyo. Baba mdogo akaanza na Azimio la Arusha, Februari 1967, na masharti yake kwa viongozi: mishahara miwili hapana, nyumba za kupangisha hapana, hisa kwenye makampuni hapana. Pikipiki haikutajwa, nikamkumbusha. Akanijibu kwamba ingefikiwa tu, kama wasingeenda kuyalegeza yale masharti Zanzibar mwaka 1991. Halafu akaja kwenye hadithi anayoipenda kuliko zote, ya Oktoba 1966: wanafunzi wa chuo kikuu wanaandamana kupinga kupelekwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, huku wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara, Mwalimu Nyerere anawarudisha makwao karibu mia nne, na papo hapo anajipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. "Nitajieni mwingine." Tulikaa kimya, kwa kweli.

Sauti ikatoka jikoni. "Waambie na khanga!" Mama mdogo hana chama. Mwanzoni mwa miaka ya themanini mumewe alikuwa akishinda kwenye mitambo ya kufuma kitambaa, na yeye khanga ya kubebea mtoto aliisubiri kwenye foleni toka alfajiri, akafika mbele zimeisha. Na aliyekuwa akilala nyuma ya marobota pale kiwandani, anasema, alipokea sawasawa na mumewe.

Kijana wa chuo akashangilia kama Simba imefunga. Akaleta Mmarekani wake, mwanafalsafa Robert Nozick, na ule mfano wa mcheza kikapu Wilt Chamberlain: kila mtazamaji anatoa senti 25 za ziada kwa hiari yake ili amwone, mwisho wa msimu mchezaji ni tajiri, sasa dhuluma iko wapi? Ni mfano mzuri, siukatai. Ila huyohuyo Nozick alisema pia kwamba mali ikianza kwa njia isiyo ya haki, inadai kurekebishwa. Hapo mtoto wetu alikuwa hajafika, au alifika akapita haraka.

Mimi neno lililonikaa kooni ni hiari. Kweli alisaini kwa hiari. Alisaini baada ya miezi saba ya udeiwaka, akiendesha pikipiki za wenzake wakiwa wamechoka.

Nikatoka barazani nikamuuliza yeye. Nilijiandaa aniombe nishushe hesabu hadi 8,000. Wala.

"Mwalimu, elfu kumi naiweza. Tatizo ni namba nne."

Mkataba wenyewe niliutoa kwenye stesheneri kama ulivyo, nikalipia kuchapa na kuondoka. Namba nne yake inasema akikosa kuleta hesabu siku tatu mfululizo, pikipiki inarudi kwa mwenye mali "bila madai yoyote". Mwenzake kijiweni alinyang'anywa mwezi wa 13. Alikosa siku nne, akapoteza mwaka mzima wa 10,000 10,000, na tajiri akampa mwingine pikipiki ileile kwa mkataba mpya. Wangu yuko mwezi wa tisa. Kwa hiyo siku ya pili ya homa alikuwa amewasha pikipiki aende barabarani, mkewe akamficha ufunguo.

Nilirudi ndani na karatasi nikawasomea. Kwa mara ya kwanza siku hiyo walinyamaza wote wawili. Kisha kijana wa chuo akasema, kwa sauti ya chini, "Lakini hizo alizolipa si ni mali yake?" Baba mdogo akamtazama kama amemwona leo.

Namba nne tukaikata kwa peni ya bluu. Siku za ugonjwa zenye cheti cha zahanati zinasogezwa mbele, hazihesabiwi kukosa. Nikiichukua pikipiki, namrudishia alicholipa, nikitoa kodi ya siku alizoitumia. Kodi hiyo iwe kiasi gani ndiyo iliyotufikisha saa mbili usiku. Baba mdogo anasema 4,000, mwenye soko huria anasema 6,000, na dereva amekula ubwabwa wetu, ameaga, ameniambia tutamjulisha.