Kwaresima, lithiamu na toba isiyokwisha

Tanga, Jumapili jioni

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeingia pamoja. Kuanzia alasiri meza za futari zimejipanga barabarani, na kanisani kwetu tumetangaziwa siku arobaini za mfungo na mkesha kila Ijumaa. Ofisini kwangu kuna swali linalotangulia mengine yote siku hizi, na Wakristo na Waislamu wanaliuliza kwa maneno yaleyale: "Dokta, nifunge au nisifunge?" Mimi ni mwanasaikolojia tiba, siandiki dawa, lakini wananiletea mimi kwa sababu wanajua nami ni mtu wa kusali, hivyo sitawacheka.

Kuna mama mmoja, na mambo yake nimeyabadilisha ili asitambulike, anayeishi na baipola, ugonjwa wa akili unaomrusha mtu kutoka msisimko mkali hadi huzuni nzito, na anatumia dawa ya lithiamu. Lithiamu ni chumvi, na figo huishughulikia karibu sawa na zinavyoishughulikia chumvi ya kawaida. Mtu akifunga kavu, bila kula wala kunywa, katika joto la Tanga anapoteza maji na chumvi, figo zinaanza kushikilia kile kilichopo, na kiwango cha lithiamu kwenye damu kinapanda. Pengo kati ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru ni dogo. Mikono inatetemeka, anahara, anatapika, anaanza kuyumba, na asipowahishwa hospitali anaweza kupata madhara makubwa. Mkesha nao una hatari yake. Usiku mmoja tu wa kutolala unaweza kutosha kumwingiza mtu wa baipola kwenye ule msisimko usio na breki. Na msisimko huo, kwa siku za mwanzo, kanisani unafanana sana na upako. Anaomba saa nyingi bila kuchoka, anapata mafunuo, anatoa sadaka hata hela ya ada ya watoto. Watu wanamsifu. Wanapokuja kugundua kwamba anaumwa, madeni yameshakopwa na ndoa imeshatikisika.

Ningeweza kumwambia tu, usifunge. Kitabibu ningekuwa sahihi. Lakini aliniambia kwamba mwaka jana wenzake walipofunga alijiona mgeni katika nyumba ya Baba yake, na mtu anayejiona mgeni kanisani mwake siku arobaini mfululizo hayuko salama vilevile. Kwa idhini yake tukakaa na daktari wake na mchungaji wake. Mchungaji ndiye aliyefungua Isaya 58, pale Mungu anapoueleza mfungo alioupenda yeye: kufungua vifungo, kumgawia mwenye njaa chakula. Tukakubaliana kwamba atakunywa uji na maji kama kawaida, atameza dawa, atafunga simu jua likizama, na chakula cha mchana cha Jumatano atampelekea bibi jirani anayeishi peke yake. Mkeshani ataongoza maombi ya mwanzo na atakuwa kitandani kabla ya saa nne usiku. Alipotoka nilimwona amenyoosha mgongo.

Nimeandika haya kwa urefu kwa sababu watu wananiuliza ninavyounganisha imani na saikolojia, na mara nyingi wanachotaka kujua ni kama naanza kikao kwa maombi. Hilo nitalifikia. Lakini kwangu jambo lenyewe liko kwingine. Mtu anapokuja na sala yake, mfungo wake, toba yake, mimi huuliza: hii inafanya kazi gani ndani yake? Inampeleka kwa Mungu na kwa watu, au inamzungusha palepale? Sala ileile inaweza kumwinua mmoja na kumfunga mwingine, na kwa kuitazama tu kwa nje huwezi kujua.

Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeichunguza dini kwa miaka mingi, alitenganisha mambo haya vizuri. Kuna kumtegemea Mungu kunakomsaidia mtu kubeba taabu, na kuna kushindana na Mungu kunakomchosha. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka miwili wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, ambao walikuwa wamelazwa hospitali. Waliojiuliza kama Mungu amewaacha, waliotilia shaka upendo wake, au walioamua kwamba ugonjwa wao ni kazi ya shetani, hatari yao ya kufa katika muda huo ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 19 hadi 28. Kila ninapousoma utafiti huo nawakumbuka wagonjwa ambao wamefika kwangu wakiwa wameshaambiwa na watu watatu tofauti kwamba sonona yao ni shetani. Wanaosema hivyo wanataka kusaidia. Mgonjwa anachosikia ni kwamba Mungu ameshaondoka.

Sasa toba. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na ndipo ninapoona wachungaji na sisi tunahitajiana kuliko penginepo.

Kuna kijana wa kwaya (naye nimembadilisha) anayevamiwa na wazo la kumkufuru Roho Mtakatifu. Linamjia katikati ya wimbo. Ameisoma Mathayo 12, anajua dhambi hiyo imetajwa kuwa haisamehewi, na hofu inamkaba. Anatubu. Kisha anahisi hakutubu kwa moyo wote, anarudia. Anataja damu ya Yesu mpaka ijisikie sawa, na ikikatika katikati anaanza upya. Usiku anampigia mchungaji simu kumuuliza kama amesamehewa. Mchungaji anamwambia umesamehewa, anapata nafuu ya saa moja, hofu inarudi na nguvu mpya. Ni kama kukuna upele: unapokuna unapoa, na kwa sababu umekuna unawasha zaidi.

Huu ni ugonjwa unaojulikana, sura ya kidini ya ule uitwao OCD, ambapo wazo humvamia mtu naye hurudia tendo lilelile ili atulie, na ni wa zamani. Martin Luther akiwa mtawa kule Erfurt aliungama kwa saa nyingi mpaka Johann von Staupitz, aliyekuwa akimsikiliza, akachoka. Ignatius wa Loyola aliupata Manresa mwaka 1522. Aliungama dhambi zilezile tena na tena, akafikia kushawishika kujiua. Padri wake akamwagiza asiungame tena mambo ya zamani isipokuwa yaliyo wazi kabisa. Agizo zuri, lakini kwa Ignatius yote yalikuwa wazi, kwa hiyo halikumsaidia. Alipata nafuu alipoamua kutoziungama tena kabisa dhambi za nyuma. Mmoja alianzisha Matengenezo ya Kanisa, mwingine akaanzisha shirika la Wajesuiti, na wote wawili walipita kwenye shimo hili hili. Humwambia hivyo kila anayekuja nalo, kwa sababu wengi wanaamini wao ni wa kwanza duniani.

Tiba yake ilianza kupata umbo mwaka 1966, Victor Meyer alipochapisha huko Uingereza taarifa ya wagonjwa wawili aliowatibu kwa kuwakutanisha na kile wanachokiogopa huku wakizuiwa kufanya lile tendo la kujituliza. Mmoja wao alikuwa akisumbuliwa na mawazo ya kumkufuru Roho Mtakatifu. Tiba hiyo, ikiboreshwa, ndiyo tunayoitumia mpaka leo: wazo lije, usilijibu, hofu ipande, ukae nayo mpaka ishuke yenyewe. Hushuka. Na kila inaposhuka bila wewe kufanya lolote, inakuwa imepoteza sehemu ya nguvu zake.

Kwa kijana wa kwaya maana yake ilikuwa sala moja fupi ya toba asubuhi na moja usiku, basi. Wazo likija katikati ya wimbo, asilikemee, asinukuu mstari, aendelee kuimba sauti yake ya tatu. Na akimpigia mchungaji usiku, ajibiwe: "Hilo tulishalimaliza mwanangu, tuonane Jumapili." Mchungaji aliniuliza kwa uchungu, "Dada, unaniambia nimnyime kondoo faraja?" Nilimjibu kwamba faraja ya saa moja ndiyo inayomla kijana. Tunamwombea kitu kikubwa zaidi: aamini kwamba amesamehewa hata siku ambayo hajisikii kusamehewa. Akanyamaza, kisha akasema hilo ndilo amekuwa akilihubiri miaka yote, kuhesabiwa haki kwa imani. Ndivyo. Sijaona mahali ambapo fundisho letu la neema linafanya kazi ngumu kama linavyofanya katika tiba hii. Mtu anakaa na hofu yake bila kuitubia mara ya pili, kwa kutegemea neno lililokwisha kusemwa. Pasaka iliyopita kijana alishiriki Meza ya Bwana, jambo alilokuwa amelikwepa kwa muda mrefu.

Hapo kuna jambo ambalo vitabu vingi vya ushauri wa Kikristo hulipita. Katika karne ya nne, jangwani Misri, mtawa Evagrius wa Ponto aliandika kitabu kizima cha kuyajibu mawazo mabaya kwa maneno ya Maandiko, akiyapanga chini ya mawazo makuu manane, huzuni ikiwemo. Kwa mwenye sonona, njia hiyo iko karibu sana na ile Aaron Beck aliyoijenga Philadelphia miaka ya 1960: likamate wazo linalosema huna thamani, lichunguze, lijibu. Nimeitumia na akina mama wengi, wanabeba mistari yao kwenye daftari, na inasaidia. Nikimpa kijana wa kwaya daftari hilohilo, nimemwongezea ugonjwa. Kwake yeye, kujibu ndiko kunakomfunga. Kwa hiyo anayekwambia "msomee mgonjwa Neno" hajakosea wala hajapatia, mpaka tujue anaumwa nini.

Kuhusu kuomba kikaoni. Mimi sianzishi. Aliyeketi mbele yangu amekuja akiwa dhaifu, wengine ni Waislamu, wengine wameumizwa na watu wa kanisa, na ni vigumu kumkatalia dokta anayekwambia tuombe. Mteja akiomba mwenyewe tuombe, huuliza kwanza angependa tumwambie Mungu nini, na jibu lake mara nyingi linakuwa ndilo jambo zito la siku hiyo, ambalo hakuwa amelitaja kwa dakika zote zilizopita. Wakati mwingine tunaomba. Wakati mwingine tunabaki kwenye jibu. Rebecca Propst na wenzake walichapisha mwaka 1992 utafiti kuhusu Wakristo wenye sonona waliotibiwa kwa njia ya Beck iliyobeba lugha na taswira za imani yao, na waliofanya vizuri hasa walikuwa wale waliotibiwa hivyo na wataalamu wasio watu wa dini. Mwanzoni matokeo hayo yalinichanganya. Sasa yananifariji, kwa sababu yanaonyesha kwamba kilichosaidia ni imani ya mgonjwa kupewa nafasi, na mtu asiye wa imani hiyo aliweza kuipa. Wenzangu Waislamu hapa kazini wanafanya hivyo kwa wateja wangu ninapokuwa likizo, nami nawafanyia wao.

Kuna mama aliyefiwa na mtoto akaambiwa msibani asilie, ni mapenzi ya Mungu. Hakuhitaji mbinu yoyote. Nilimpa Zaburi ya 88, ile ya Hemani, inayolia tangu mwanzo na kuishia gizani bila hata mstari mmoja wa kushukuru. Aliisoma mara mbili kwa sauti. "Hii nayo imo kwenye Biblia?" Imo. Natamani siku moja tuisome ibadani, maana ushuhuda wetu wa Jumapili unawataka watu washindi tu, na wasioshinda wanakaa benchi la nyuma wakidhani wako peke yao.

Alhamisi nakutana na wachungaji wa mitaa yetu kuzungumzia mikesha. Hatuanzi sifuri. Kanisa la Kilutheri limewatunza wagonjwa wa akili pale Lutindi, milimani Usambara, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kwa dawa, kazi za mikono na ibada za asubuhi. Nitawaomba jambo moja kwa msisitizo: wasimwambie mtu yeyote aache dawa kwa kuwa ameombewa, hasa mwenye kifafa, kwa sababu kuziacha ghafla kunaweza kumletea degedege zisizokoma, nazo huua. Aliyepona kweli, daktari ataliona hilo na atampunguzia taratibu.

Mmoja wao ameshanitumia ujumbe akiniuliza kama naamini mapepo yapo. Swali lake halina mtego, ana dada mmoja mtaani kwake anayepiga kelele usiku na ndugu wanataka wamfunge kamba. Nimemwandikia kwamba naisoma Injili ileile anayoisoma yeye, na kwamba kabla ya lolote kamba zisiguswe, na nahitaji kujua dada huyo amelala saa ngapi wiki hii, kama amejifungua karibuni, kama ana homa, kama amepimwa malaria, kama aliwahi kuanguka kifafa, na ni nani amefariki nyumbani kwao. Amejibu kwamba alijifungua wiki tatu zilizopita, na wiki za mwanzo baada ya kujifungua ndizo akili ya mama inapoweza kuugua ghafla. Tumekubaliana wampeleke hospitali kesho asubuhi na mapema, mtoto aende naye akiwa amebebwa na bibi yake, usiku huu asiachwe peke yake na mtoto hata kidogo, na mke wa mchungaji alale nao.