Daktari yuko mjini: siku moja katika kituo chetu cha afya

Saa kumi na moja na nusu alfajiri naondoka nyumbani Katuba kwenda komine ya Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, ambako mimi ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Katika zoni za afya nchini Kongo, vituo vingi vya mitaani huongozwa na wauguzi, na daktari huwa katika hospitali kuu ya rufaa. Mpango huo una busara yake, ila unategemea jambo moja: kwamba mgonjwa tuliyemwandikia barua ya rufaa atakuwa na nauli, na akifika atakuwa na feza ya fishi, yaani kadi ya mgonjwa, ya vipimo na ya dawa.

Saa moja asubuhi benchi limejaa akina mama wenye watoto wanaochemka homa. Hadi saa nne napima malaria, nagawa dawa, naandika daftarini.

Saa nne na robo anaingia mzee aliyekuwa mfanyakazi wa mgodini. Fishi yake ameikunja mara nne, ameihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya mpiga kura. Naikunjua na kukuta mwandiko wangu mwenyewe wa karibu miaka miwili iliyopita: presha 160 kwa 100, arudi baada ya mwezi mmoja. Leo mashine inaonyesha 190 kwa 115, na anasema tangu juzi jicho la kushoto linaona ukungu.

“Baba, mbona haukurudi?”

“Munganga, dawa iliisha, na feza nayo iliisha.”

Presha haiumi, na mtu asiyesikia maumivu hununua unga kwanza. Ananieleza kwamba alipokuwa kazini, kambi ya wafanyakazi ilikuwa na daktari aliyewajua watoto wake kwa majina. Wazee wengi wa Katanga husema hivyo hivyo, kwa sababu tangu enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, matibabu ya familia yalifuata ajira ya baba. Kazi ilipokwisha, daktari naye alikwisha. Nampa kidonge cha kwanza na cha siku chache zijazo, kisha namwandikia barua ya rufaa na kumsihi aende leo hii. Anaipokea kwa mikono miwili na kuniuliza kama barua hiyo itakuwa bado nzuri Jumamosi.

Saa saba nakula bukari na sombe, na swali lake halinitoki. Mwaka 1971 daktari Julian Tudor Hart, aliyehudumia kijiji cha wachimba makaa ya mawe cha Glyncorrwg huko Wales, aliandika katika jarida la The Lancet kwamba matibabu mazuri huelekea kupungua pale hasa yanapohitajika zaidi, na kwamba hali hiyo huwa mbaya zaidi pale soko linapoachiwa liamue. Nchi yake ilikuwa na madaktari wa familia wasiodai malipo mlangoni, na bado aliliona hilo. Hapa kwetu, katikati ya mji, mwenye pesa huchagua kliniki anayoitaka; huku Annexe hakuna cha kuchagua. Ninachokiheshimu zaidi kwa daktari huyo ni kwamba hakungoja watu waugue, bali aliwapima presha watu wazima wa kijiji chake wakiwa bado wanajiona wazima.

Kwa hiyo saa tisa alasiri nachukua mashine na, pamoja na mama mmoja wa kujitolea anayeujua mtaa nyumba kwa nyumba, naelekea kwa yule mzee. Majirani wanatoa viti nje. Tunapima watu 11. Wanne presha yao iko juu, na kati yao watatu hawajawahi kupimwa maishani. Mmoja ni mama muuza makala, yaani mkaa, hajafika miaka 40. Anashika mkono wangu na kuuliza, “Yaya, sasa nitakufa?” Nakaa naye muda mrefu kuliko wengine wote.

Saa kumi na moja jioni naingia kumuaga mzee. Barua yangu iko mezani chini ya kikombe, bado imefungwa. Tunahesabu pamoja nauli aliyo nayo. Inatosha kwenda, haitoshi kurudi. Namwambia ya kurudi nitaitoa mimi, na tusingoje Jumamosi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tutakutana penye mabasi.